Upinde wa mlinzi: wa zamani au mpya?

Juma hili nimeiweka kando bei ya sukari na mashimo ya barabara zetu. Nataka tuzungumze juu ya upinde. Naam, upinde na mishale.

Najua wapo watakaocheka. Watasema Arusha ni mji wa mikutano ya kimataifa, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mji wa watalii wa dunia nzima, upinde unaingiaje hapa? Anayecheka hivyo hajapata kutoka nje saa tisa za usiku. Mageti ya umeme yapo, na kamera zipo kwa wenye uwezo. Lakini kuanzia Sakina hadi Njiro, kuanzia Kijenge hadi Tengeru, bado utamkuta mtu amejifunika koti zito, jiko la mkaa liko miguuni, tochi iko mkononi, na upinde umeegemezwa ukutani. Huyo ndiye anayelinda usingizi wetu.

Na upinde huo haukuanza jana. Wengi mtakumbuka sungusungu, walinzi wa jadi walioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi baada ya vita vya Kagera. Silaha yao kubwa ilikuwa upinde. Mwaka 1989 sheria ikawatambua rasmi, na jina lao likaenea nchi nzima. Tangu hapo mwananchi wa kawaida hashangai kumwona mlinzi na mishale.

Sasa nieleze kisa chenyewe. Mtaa wetu uko upande wa Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, na tuna mlinzi mmoja tu kwa nyumba kumi na moja. Masika yaliyopita, jioni moja kabla ya kuingia lindoni, alinifuata nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za lindo?"

"Salama mzee, ila upinde wangu umekufa."

Akanieleza. Usiku wa kuamkia siku hiyo wezi wawili walikuwa wamefika kwenye banda la kuku la jirani. Akavuta upinde ili kuwatisha, ukakatika katikati, akabaki ameshika vijiti viwili vilivyounganishwa na kamba. Namshukuru Mungu filimbi ilikuwa shingoni. Aliipuliza, mbwa wakabweka, watu wakawasha taa, wezi wakakimbia. Lakini mtu huyo alisimama gizani peke yake, mikono mitupu, mbele ya watu wawili wenye panga. Hilo sikulisahau.

Alikuwa amejiwekea shilingi elfu thelathini na tano, na alitaka nimkopeshe elfu kumi na tano zaidi. Pinde mbili zilikuwa zinauzwa. Wa kwanza ulikuwa wa zamani, upinde hasa wa kuwindia, ulioletwa mjini na mtu mmoja kutoka upande wa Karatu, pamoja na mishale mitano. Bei yake elfu arobaini. Wa pili ulikuwa mpya, kutoka duka la vinyago, unang'aa kwa vanishi na umechorwa kwa moto, pamoja na mishale mitatu. Bei yake elfu ishirini na tano. Akaniuliza, "Mzee, nichukue upi?"

Kabla ya kumjibu ilinibidi nikumbuke aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua upinde mpya unaong'aa kama huo ili kumpa mgeni zawadi. Mgeni hakuja, upinde ukabaki nyumbani, na watoto wakauchukua uani wakaanza kuuvuta. Mara ya tatu ukapasuka, na kibanzi kikampita kijana wangu pembeni mwa jicho, upana wa kidole kimoja. Simlaumu muuzaji. Yeye aliuza pambo la ukutani, mimi ndiye niliyedhani kila chenye umbo la upinde ni upinde. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Siku hiyo niliuelewa usemi huo.

Basi sikumjibu mlinzi wetu. Nilimpeleka kwa mzee mmoja jirani, mstaafu aliyefanya kazi ya uaskari wa wanyamapori kwa miaka mingi. Wauzaji wote wawili walikubali kuzileta pinde zao zitazamwe. Yaliyofuata ndiyo nataka kukueleza, kwa sababu yatamfaa yeyote mwenye fedha kidogo anayetaka upinde, awe mlinzi, awe kijana anayependa mchezo wa kulenga shabaha, au hata mtu wa kuutundika sebuleni.

Kwanza mzee alitufundisha upinde ni kitu gani. Upinde ni mti unaohifadhi nguvu za mkono wako kwa muda mfupi, kisha unazitoa kwa ghafla. Ukiuvuta, upande unaoelekea shabaha, yaani mgongo wake, unanyooshwa kwa nguvu. Upande unaokuelekea wewe, yaani tumbo lake, unabanwa. Kwa hiyo upinde hufa kwa njia mbili. Mgongo ukiwa na ufa, au nyuzi za mti zikiwa zimekatwa na kisu, utavunjika kwa kishindo. Tumbo likichoka, utaona mikunjo midogo iliyopita kwa upana kama makunyanzi ya ngozi, nao utalegea kidogo kidogo mpaka siku utakapokatika.

Jambo jingine ni unene. Ukiongeza upana wa mkono wa upinde mara mbili, ugumu wake huongezeka mara mbili tu. Lakini ukiongeza unene mara mbili, ugumu huongezeka mara nane. Ndiyo maana fundi mjuzi huchonga unene kwa uangalifu kama mtu anayepima dawa, na ndiyo maana upinde uliochongwa haraka huwa na mkono mmoja unaopinda na mwingine umesimama kama mpini wa jembe.

Baada ya hapo tukaanza na ule mpya. Mzee hakutazama michoro. Aliukucha vanishi kwa ukucha karibu na ncha, akaunusa mti. "Huu bado mbichi," akasema. Mti usiokauka ukipindwa hubaki umepinda, na nguvu zake huisha kwa majuma machache. Kisha akaufunga upote, yaani ile kamba ya upinde, akauvuta polepole huku mlinzi wetu akiutazama kwa mbali. Mkono wa chini ulipinda, wa juu haukutikisika. Upote wenyewe ulikuwa wa katani iliyosokotwa ovyo. Vyembe vya mishale, yaani zile ncha za chuma, vilikuwa vya bati laini, vinajikunja ukivigusa ubao.

Halafu akaleta mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia. Akaufunga upinde kwenye tawi la mparachichi kwa kishikio chake, akaikaza ndoano kwenye upote, akavuta kwenda chini mpaka upote ukawa sentimita 65 kutoka kwenye kishikio. Mizani ikasoma kilo tisa. Kwa kilo tisa utamwangusha panzi.

Muuzaji wa vinyago hakukasirika. Alisema wazi kwamba wateja wake ni watalii, nao huupeleka upinde ukutani, si porini. Mtu mkweli. Ningependa wanunuzi wawe wakweli kama yeye, wajiulize kwanza wanataka nini.

Tukaja kwa ule wa zamani. Huu ulitoka kwa Wahadzabe, wawindaji wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda. Jamii hiyo ni ndogo, watu elfu moja na kitu tu, na ni sehemu yao ndogo inayotegemea uwindaji na kuchuma matunda, mizizi na asali kila siku. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya kumiliki sehemu ya ardhi yao huko Yaeda, jambo lililokuwa jipya katika nchi yetu. Kwao upinde ndio sufuria na ndio soko. Mwanamume huchonga wake mwenyewe kwa miti kama mkole, hausimamii fundi mwingine. Upote wake ni kano za mnyama zilizosokotwa. Vyembe vya chuma hufuliwa kwa misumari, au hupatikana kwa Wadatoga, wale tunaowaita Wamang'ati, ambao wana wahunzi hodari.

Watafiti waliozipima pinde za Wahadzabe wamekuta kwamba wastani wa kuvuta ni karibu kilo 30. Hebu fikiri maana yake. Ni kama kuinua kwa vidole vitatu ndoo moja na nusu ya maji, kisha uishikilie hewani huku ukilenga. Mwindaji amezoea tangu utoto. Wewe na mimi hatujazoea.

Mzee akaukagua. Akafungua upote akaulaza upinde mezani. Upinde wa mti uliotumika hubaki na mkunjo hata kamba ikiondolewa, na mkunjo huo ndio umri wake wa kweli, kuliko miaka. Ukibaki umepinda vidole vinne hivi, bado una uhai. Ukibaki umepinda shibiri nzima, huo umekufa, hata kama ulichongwa mwaka jana. Wengi huua pinde zao kwa kuzitundika zikiwa zimefungwa kamba usiku na mchana. Huu ulikuwa umepinda vidole vitatu. Mgongo ulikuwa safi, hauna ufa, na nyuzi za mti zilikwenda kutoka ncha hadi ncha bila kukatwa. Tumbo lilikuwa laini. Mikono yote miwili ilipinda sawa, kama mwezi mchanga.

Kwenye mizani ulisoma kilo 28. Mlinzi wetu, ambaye si mtu dhaifu, aliuvuta. Mkono ukatetemeka, upote haukufika hata kifuani. Akauachia taratibu, na mzee akamsifu kwa hilo, maana upinde ukivutwa na kuachiwa bila mshale, nguvu zote hurudi kwenye mti wenyewe, na pinde nyingi nzuri zimepasuka namna hiyo dukani mikononi mwa wanunuzi.

Na upote? Kano hupenda ukavu. Huko Eyasi kuna joto na vumbi, upote hukaza. Huku kwetu chini ya Meru, masika na hata mwezi wa saba, ukungu unashuka, koti la mlinzi linalowa, na upote wa kano unalegea kama mkanda wa suruali kuukuu. Kwa hiyo kitu kilicho kizuri kule si lazima kiwe kizuri hapa. Hilo peke yake lingetosha kumpa hasara mtu asiyeuliza.

Wakati huo muuzaji akataka kutuonyesha mishale. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa. Mzee alipoifungua, alinyanyua mkono kutuzuia sote tusisogee. Kati ya mishale mitano, miwili ilikuwa imezungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi chini ya chembe. Ndani ya ukanda, mti ulikuwa umepakwa kitu cheusi kama lami iliyokauka.

"Hii ni sumu," akasema. "Ukanda huu ni wa kuikinga isikauke, na kumkinga mwenyewe asijikwaruze."

Nakuambia ndugu msomaji, watoto wa mlinzi wetu walikuwa wamekaa hatua tatu kutoka pale, na mdogo alikuwa tayari ameinua mkono kushika manyoya. Sumu za uwindaji za sehemu zetu hutoka kwenye miti inayoshika moyo. Mmoja wapo ni ule mti mfupi wenye shina nene na maua ya rangi ya waridi, ambao wenye bustani mjini humu huupanda kwa uzuri wake. Na watu wa makumbusho duniani wanajua jambo hili vizuri: sumu ya mshale huweza kubaki na nguvu kwa miaka mingi. Kusema "huu ni wa zamani, umeshapoa" ni kucheza na kaburi. Muuzaji mwenyewe hakujua alikuwa amebeba nini kwenye basi lililojaa abiria.

Mishale hiyo miwili tuliifunga kwa plastiki nene, tukaitia ndani ya bomba, na mzee akaipeleka kwa wanaohusika. Kwa hiyo sikia: ukinunua upinde wa zamani, usikubali mishale yake isiyojulikana, hata ukipewa bure. Usiishike chembe. Usiijaribu kwa kidole. Usiitupe jalalani ambako watoto hutafuta vitu vya kuchezea.

Sheria nayo ina neno lake. Kuwinda mnyama pori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kutumia sumu au silaha yenye sumu ni miongoni mwa njia zilizokatazwa. Mtu asidhani kwamba akinunua upinde wa mwindaji amenunua na ruhusa ya mwindaji. Aidha, Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko mlangoni petu. Ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na Mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967. Kuingia hifadhini na silaha bila kibali ni kosa, na upinde ni silaha. Wapo waliohukumiwa kwa kukutwa na upinde na panga tu, bila mnyama hata mmoja. Kwa hiyo mlinzi anayekaa vijiji vya mlimani na kuteremka mjini kila jioni asikate njia ya mkato kupitia hifadhini akiwa na upinde begani.

Tulipokaa kunywa chai, nilimweleza mzee kwamba mpwa wangu aliyeko Marekani alikuwa amesema atamtumia mlinzi wetu upinde wa kisasa uliotumika. Huo ni ule wenye magurudumu madogo kwenye ncha na nyaya zinazopishana. Aliyeuvumbua ni Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, mwaka 1966. Ufundi wake ni kwamba ukifika mwisho wa kuvuta, magurudumu yanabeba sehemu kubwa ya uzito, unabaki umeshika robo yake au pungufu, na unaweza kulenga bila kutetemeka. Ni chombo cha ajabu. Mzee akauliza swali moja tu: "Waya ukikatika, nani ataubadili hapa?" Kwa pinde nyingi za aina hiyo unahitaji mashine maalumu ya kuzibana kabla ya kugusa waya. Fundi baiskeli wa Ngaramtoni hana mashine hiyo. Bei ya kitu ni pamoja na bei ya kukitengeneza.

Basi tulikuwa na upinde mpya usiofaa, wa zamani uliozidi nguvu, na wa kisasa usio na fundi. Nikamwuliza mzee, tufanyeje? Akatupa kanuni ambayo nataka uiandike mahali: upinde mzito unaweza kupunguzwa, mwepesi hauwezi kuongezwa.

Ule wa zamani mti wake ulikuwa umeshathibitishwa. Umevutwa mara maelfu na haukuvunjika. Ule mpya hakuna anayejua utakavyokuwa kesho. Umri wenyewe hauthibitishi kitu, kipimo ndicho kinachothibitisha. Daktari mmoja wa San Francisco, Saxton Pope, alilifahamu hilo. Alizichukua pinde za makabila mengi ya dunia, akazijaribu moja moja na kupima mshale unakwenda umbali gani, akachapisha matokeo mwaka 1923. Miaka miwili baadaye alifika huku kwetu Tanganyika kuwinda simba kwa upinde. Hakuuliza upinde una jina gani au una umri gani. Aliuvuta, akapima.

Mlinzi wetu akarudi kwa muuzaji wa Karatu na kumwambia anautaka upinde peke yake, bila mishale na bila upote. Baada ya kile kilichotokea, muuzaji hakuwa na nguvu ya kubishana. Wakakubaliana elfu ishirini na mbili.

Fundi seremala akaupunguza chini ya usimamizi wa mzee. Hawakugusa mgongo hata kidogo. Walikwangua tumbo tu, kwa kipande cha chupa, unga wa mti ukidondoka kama unga wa sembe. Kila baada ya kukwangua kidogo waliuvuta mara thelathini polepole, wakautundika kwenye mparachichi na kusoma mizani. Kilo 26. Kilo 23. Walipofika 18 wakaacha. Mlinzi akauvuta mpaka shavuni bila mkono kutetemeka. Mzee akasema mtu mzima asiyezoea aanzie kati ya kilo 15 na 20, asione haya. Mshale unaofika unapotaka kwa kilo 18 ni bora kuliko unaokwenda kokote kwa kilo 30.

Upote mpya ulisokotwa kwa uzi imara wa kushonea viatu, nyuzi nyingi pamoja, ukapakwa nta ya nyuki ili ukungu usiuingie. Walichagua uzi usiotanuka ovyo, maana kamba ya nailoni laini hunyumbuka na kula nguvu za mshale. Urefu wake walipima kwa njia ya kienyeji: upinde ukishafungwa, ngumi yenye kidole gumba kilichosimama iingie kati ya kishikio na upote. Kazi ya seremala na uzi vilichukua elfu tano.

Ikabaki mishale, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Hununua upinde kwa fedha yote, kisha huokota mishale. Mshale unapoachiwa haunyooki kama mkuki. Unapinda na kujinyoosha mara kadhaa ukizunguka ubavu wa upinde, mfano wa samaki anayeogelea. Ukiwa laini mno, unakwenda upande mmoja. Ukiwa mgumu mno, unakwenda upande mwingine. Kwa hiyo mishale kumi isiyofanana ni bahati nasibu kumi. Mzee alituonyesha kipimo cha nyumbani. Weka matofali mawili, kati yao sentimita 66. Laza wano, yaani ule mti wa mshale, juu yake. Tundika katikati pakiti ya sukari ya kilo moja, upime wano limebonyea kiasi gani. Katika mawano tisa tuliyokuwa nayo, matatu yalibonyea sawasawa. Hayo ndiyo tuliyochukua. Manyoya ya kanga, uzi na gundi, jumla elfu sita.

Na vyembe? Mzee hakutaka chuma. Aliacha ncha butu za mti, nene kama kifundo, mfano wa mishale ambayo Wahadzabe wenyewe huitumia kwa ndege. Mlinzi akauliza, "Sasa mzee, hii itamzuia mwizi?" Mzee akamjibu, "Mwanangu, ikimpiga begani kwa kilo kumi na nane atakimbia. Ya chuma ikimpiga kifuani atakufa, na wewe utakwenda jela kwa ajili ya kuku." Sikuwa na la kuongeza. Kazi ya mlinzi ni kufukuza, kupuliza filimbi na kuita watu. Upinde wa kuwindia ulichongwa ili uue. Ukiuleta mjini lazima uufundishe kazi nyingine.

Tukapiga hesabu. Upinde elfu ishirini na mbili, seremala na uzi elfu tano, mishale elfu sita. Jumla elfu thelathini na tatu. Mlinzi wetu alibaki na elfu mbili mfukoni, na mkopo wangu hakuuhitaji tena.

Kwa ufupi basi, kwa mwenye fedha kidogo: tazama mgongo kama una ufa, tazama tumbo kama lina makunyanzi, fungua kamba upime mkunjo, tazama mikono yote miwili ikipinda, pima kwa mizani, na bakiza theluthi ya fedha kwa upote na mishale. Wa zamani ukishinda majaribio hayo, uchukue. Ukishindwa, tafuta mpya kwa fundi anayekubali uupime mbele yake kabla hajaupaka vanishi. Na kama ule ulio nao bado mzima, usiache mbachao kwa msala upitao.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ile elfu thelathini na tatu ilininyima usingizi. Mtaa wetu una nyumba kumi na moja. Gawanya. Ni elfu tatu kwa kila nyumba. Ndani ya nyumba hizo kuna televisheni, kuna majiko ya gesi, kuna magari mawili, na kuna mimi ninayesema redioni kila juma juu ya haki za watu. Lakini aliyenunua silaha ya kutulinda sisi ni yule anayelala mchana na kula ugali mara moja. Na ule upinde wake uliovunjika usiku wa wezi, alikuwa ameununua yeye pia.

Jumapili iliyofuata tuliitana chini ya mparachichi. Wawili walinung'unika, tisa tukatoa papo hapo, wale wawili wakatoa jioni. Tulimrudishia fedha yake yote, na tukakubaliana kwamba kuanzia sasa upote, mishale, tochi na koti la mvua ni juu ya mtaa.

Je, mlinzi wako wewe, upinde wake ulinunuliwa na nani? Kamwulize leo jioni kabla hajawasha jiko. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.